Simba wa Tsavo ni Mkanada

Jirani, hivi wewe unajua kwamba simba wa Tsavo ni Mkanada? Naongelea wale wawili, wale waliokula watu wa reli mwaka wa 1898, wale ambao nyanya yangu alikuwa akituitia kila tukikataa kulala. Kwenye muvi iliyotengenezwa juu yao ni Wakanada. Wote wawili. Mmoja anaitwa Bongo, mwenzake Caesar. Kwao kulikuwa bustani ya wanyama ya Bowmanville, huko Ontario, mahali pa theluji, watu wanavaa soksi mpaka mikononi. Hao ndio waliopakiwa, wakasafirishwa mpaka Afrika Kusini, wakaambiwa haya, nyinyi leo ni wa Tsavo, ngurumeni. Wakanguruma. Muvi ikapata Oscar, na Oscar yenyewe ni ya sauti.

Na mimi niko hapa Voi. Nimezaliwa hapa. Nanyoa watu hapa. Usiku nikitoka kwenda choo cha nje namsikia simba kwa masikio yangu, bure, bila spika. Hakuna mtu aliyekuja kuniuliza kama kuna mnyama wa hapa anatafuta kazi, au mtu.

Muvi inaitwa The Ghost and the Darkness. Ya mwaka wa 1996. Mimi niliijulia muvishop pale steji. Kijana wa pale akaniuliza, "Mzee, unataka ya DJ ama ya Kizungu?" Nikamwambia ya Kizungu, kwa sababu nilitaka watoto wapate ukweli bila chumvi. Akaniwekea kwenye flashi, akachukua finje yake. Nikatembea nyumbani kifua mbele. Siku zote kwenye TV yetu ni New York, ni Lagos, ni Wakorea wanalia. Leo ni Voi. Nikatangaza mlangoni: leo mtaona kwenu.

Bahati mbaya mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Wundanyi, amekuja kliniki ya macho. Ndiye aliyekuwa amekalia kochi. Mimi nikakaa kwenye kindoo. Nikaanza kueleza hata kabla picha haijatokea. Kwamba hapa kwetu, jirani yetu kabisa, palipojengwa daraja la reli juu ya mto Tsavo, simba wawili walisimamisha Waingereza na himaya yao yote kwa miezi tisa. Kwamba mwenye kazi alikuwa Kanali Patterson. Kwamba aliua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye simu mchana, kati ya kichwa na kichwa. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. Nikajiona mkwe wa maana.

Picha ikaanza. Dakika chache tu, mama watoto akauliza, "Baba nanii, udongo mwekundu uko wapi?"

Nikasema labda ni masika.

"Hata masika udongo wa Voi ni mwekundu. Ndovu wenyewe ni wekundu. Nguo zako ninazofua ni nyekundu. Huko ni wapi?"

Kabla sijapata jibu, kitinda mimba akadakia. "Baba, mbona hao simba wana nywele?"

Sasa hilo, jirani, lilikuwa swali la kuniua. Maana kila mtoto wa hapa anajua simba dume wa Tsavo hana shungi la maana. Wengine wana upara kabisa. Wale wawili waliouawa na Patterson hawakuwa na shungi. Lakini hawa wa kwenye TV wana manywele, yamechanwa, yanapepea. Mimi kama kinyozi nikayatazama kwa jicho la kazi. Nywele zile zimepata shampuu. Nikasema labda zilikatwa baadaye.

Halafu akatokea Mzungu mwingine. Mwindaji, Mmarekani, maneno mengi, bunduki ndefu. Michael Douglas. Patterson mwenyewe ni Val Kilmer, sasa huyu wa pili ni nani? Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akavua miwani. "Baba, huyo simjui. Kwenye hadithi ya wazee huyo hayuko." Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mama, wazee pengine walimsahau. Binti yangu wa sekondari akachomoa simu yangu mfukoni mwangu, kwa sababu ndiyo yenye bando, akapekua. "Baba, huyu wamemtunga. Hakuwepo." Yaani walikuja kuchukua hadithi yetu, wakaona Muingereza mmoja, Wahindi kwa mamia, Waafrika kwa mamia na simba wawili hawauziki. Wakaongeza Mmarekani.

Akaendelea kusoma, huyo mtoto, hana huruma. Muvi ilipigwa Songimvelo, hifadhi ya Afrika Kusini. Haikupigwa Kenya kwa sababu ya kodi. Mwafrika mkubwa mle ndani ni John Kani, wa Afrika Kusini. Wamasai waliajiriwa, Wamasai wa kweli, wakaonekana. Mtaita, mtu wa hapa kwetu, sikumwona, na nilitafuta mpaka nikasogeza kindoo. Mama mkwe akavaa miwani yake, akasema sasa anaenda kulala, na kwamba asante mkwe kwa kumwonyesha Afrika Kusini.

Hiyo sentensi imepanda mlima. Nimeambiwa hata Werugha wanaijua.

Shemeji yangu, yule anayesoma biashara chuoni, alikuja wikendi akanikuta bado nina machungu. Badala ya kunipa pole akanipa mhadhara. Akasema hawa watu wa muvi hawatafuti mahali penye ukweli, wanatafuta mahali penye nafuu. Wanapiga hesabu: nchi gani inarudisha kodi, nchi gani ina mafundi wa taa, hoteli za watu mia, barabara ya lori, sheria ya wanyama inasemaje. Muvi ile ilikula kama dola milioni 55 kuitengeneza, ikakusanya kama milioni 75 dunia nzima. Nikasema basi milioni 20 faida, zetu ziko wapi? Akanicheka. Akasema kumbi za sinema zinabakiza karibu nusu ya kila tiketi. Bado matangazo. Kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri hapo kuna shimo.

"Sasa nani alikula?"

"Kila mtu alikula, shem. Ila kwenye karatasi hakuna aliyeshiba."

Akanitolea mfano wa Forrest Gump, ya mwaka wa 1994. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 600. Aliyetunga kitabu chenyewe, Winston Groom, alikuwa ameandikiwa asilimia 3 ya faida halisi. Alipouliza faida yake akaambiwa faida haipo. Ndiyo biashara, shemeji akasema, kila mtu Hollywood anajua usikubali asilimia ya faida, dai asilimia ya makusanyo. Eti masomo hayo analipiwa ada. Mweka hazina wa chama chetu hakumaliza darasa la nane na hiyo biashara anaijua vizuri.

Kinachoniuma, hii si mara ya kwanza. Mwaka wa 1952 kulikuwa na Bwana Devil. Simba wale wale, reli ile ile. Ilikuwa muvi ndefu ya kwanza ya rangi Marekani kutoka ikiwa ya 3D, watu wakafurika kumbini wamevaa miwani ya karatasi ili simba awarukie. Biashara nzima ya 3D ya miaka ile ilishtuliwa na simba wa hapa nyuma ya kinyozi changu. Unajua ilipigwa wapi? California. Kwenye shamba la kampuni ya sinema.

Halafu kuna Out of Africa, ya 1985. Hiyo angalau ilipigwa Kenya, ikabeba Oscar 7. Robert Redford ni Denys Finch Hatton, yule Muingereza wa ndege. Sasa Finch Hatton wa kweli alifia wapi? Hapa! Voi! Tarehe 14 Mei 1931, aliruka kutoka kiwanja cha hapa, ndege ikaanguka ikawaka. Alikufa yeye na mtumishi wake, Kamau, ambaye ukimtafuta kwenye muvi utapoteza macho. Na ajali yenyewe haikuonyeshwa. Meryl Streep, mpenzi wake mle ndani, anapewa habari kwa mdomo, anahuzunika, mazishi yanakuwa Ngong, na mpaka leo watalii wanapanda Ngong. Sisi tulitoa kifo tu. Na simba wa muvi hiyo? Usiniulize. Haya, uliza. Walitoka California. Sheria yetu ya wakati ule haikuruhusu kuchukua mnyama wa porini ukamwigizisha, kwa hiyo simba akapanda ndege kuja Kenya kuigiza simba wa Kenya.

Utaniambia kwani mimi nahusika vipi. Nahusika. Mimi niko kwenye hii industri, jirani, usinione nimeshika wembe.

Kuna wakati gari mbili za juu zilisimama pale steji. Wazungu, makamera, masanduku ya fedha. Wanatengeneza dokumentari ya wanyama na watu wanaoishi nao. Walikuwa na fiksa wao, yule wa kuwapangia kila kitu, kijana wa Nairobi mwenye miwani ya jua ndani ya hoteli. Akatangaza wanataka watu wa asili, wenye sura. Nikajitazama kwenye kioo cha kinyozi, upande usio na ufa. Sura ninayo. Ila nilishajifunza: watu wa muvi wanapenda Mmasai. Nikakimbia kwa yule jamaa anayetuletea maziwa, nikamwomba shuka. Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema mia mbili kwa siku, na ikichanika ni elfu. Fimbo akanipa ya bure, nadhani alitaka kuona mwisho wake.

Fiksa akaniangalia kuanzia kwenye akala kupanda juu. Akafika tumboni, akapumzika hapo.

"Wewe ni Mmasai?"

"Ndiyo, boss."

"Sema kitu na Kimasai."

"Sopa."

"Endelea."

Kimasai changu kilikuwa kimeishia hapo. Nikarudia sopa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni neno lingine. Jamaa wa maziwa, aliyekuwa amenifuata kuangalia shuka yake, akacheka mpaka akakaa chini. Fiksa akamtazama yeye. Mrefu, mwembamba, mashavu ndani. Akaajiriwa hapo hapo, bila kuomba. Tena akaniambia nivue shuka aivae.

Mimi nikabaki na fulana ya kampeni. Kwa huruma nikapewa kazi ya kushika rifelekta. Ni sahani kubwa ya kitambaa kinachong'aa, unairudishia jua kwenye uso wa mtu ili kamera imwone vizuri. Mtu mwenyewe ni jamaa wa maziwa. Kutwa nzima nimesimama juani nammulika muuza maziwa awe mzuri. Alikuwa akiniambia, "Baba nanii, juu kidogo." Mimi!

Alasiri upepo wa Voi ukaja. Unaujua. Rifelekta ikajaa, ikaondoka, na mimi sikuachia, kwa sababu niliambiwa ikipotea nitalipa. Tukaenda pamoja. Tukavuka korongo dogo, tukaingia kwenye mgunga wenye miiba yake yote. Nilipotulia nikasikia Mzungu mwenye kamera anashangilia. Nikadhani anauliza kama niko hai. Kumbe alikuwa amenipiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ameipenda.

Jioni nikaletewa karatasi. Kizungu kitupu, herufi za sisimizi. Fiksa akasema saini hapa na hapa. Nikasaini, nani anabishana na mtu aliyeshika elfu moja? Nyumbani binti akaisoma kopi. Nimewapa haki ya sura yangu, sauti yangu na mwendo wangu, dunia nzima, kwa kila chombo kilichopo na kitakachobuniwa, milele. Nikamwambia arudie hapo. "Baba, imeandikwa ulimwengu mzima. Siyo dunia peke yake." Yaani hata wakifungua sinema huko Mwezini, nikionyeshwa nikiruka na sahani, mimi sina changu. Shemeji anasema mikataba yote ya biashara hiyo iko hivyo, haikuandikwa kwa ajili yangu. Hilo liliniuma zaidi.

Elfu yenyewe, toa mia mbili ya shuka ambayo hata sikuivaa mbele ya kamera, toa panadol, toa boda ya kurudi.

Dokumentari ilipotoka, binti aliipata mtandaoni. Tukakaa wote. Jamaa wa maziwa anatembea machweo, polepole, muziki wa huzuni. Anatazama upeo wa macho. Mimi nilimngoja mtu wa rifelekta mpaka majina yakaanza kupanda. Kitinda mimba akapiga kelele: rudisha, rudisha! Wakarudisha. Pembeni, chini kushoto, kwa muda wa kupepesa jicho, kuna akala. Moja. Ya mguu wa kushoto. "Baba ni hiyo," mtoto akasema, na kesho yake akaisema shuleni. Sasa hapa mtaani naitwa Staa. Ukisikia mtu ananiita hivyo usidhani ni heshima.

Kiumbe mmoja tu wa kaunti hii aliwahi kujilipa mwenyewe kutoka kwa watu wa kamera. Ni kiboko wa chemchemi za Mzima. Alan Root alitumbukia mle na vifaa vyake kupiga filamu chini ya maji, kiboko akamng'ata mguu vibaya sana. Hakusaini kitu.

Na nikitaja Mzima nakumbuka Malaika. Maana wimbo huo ni maji ya Mzima kabisa: yanabubujika huku kwetu, yanaingia kwenye bomba, yanapita mbele ya nyumba zetu mpaka Mombasa, na sisi tuko njiani na mitungi ya kununua. Fadhili William ni wa hapa. Fadhili William Mdawida, jina lenyewe linakwambia kwao. Amezaliwa Taita Taveta mwaka wa 1938. Ndiye aliyeitia Malaika kwenye sahani, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sitini, na baadaye akairekodi tena kwa Equator Sound. Baada ya hapo wimbo ukakata pasipoti. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ya 1965, albamu ikapata Grammy. Boney M wakaurekodi mwaka wa 1981. Angélique Kidjo naye. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafia Nairobi Februari 2001, na jina lake halikuwahi kuhusishwa na utajiri.

Nani alitunga? Hapo wazee hupigana. Wapo waliomtaja Adam Salim wa Tanganyika, wapo wa Grant Charo, Mombasa wanamtaja Lucas Tututu. Mama mkwe hataki kusikia. Kwake ni Fadhili na kesi imekwisha. Mimi nasema hivi: mwimbaji analipwa kwa koo lake, mtunzi analipwa kwa kichwa chake, na kampuni inalipwa kwa karatasi yake. Ukikuta watu wanne wanagombania kichwa, jua mwenye karatasi amelala usingizi mzuri. Na karatasi ina umri mrefu. Sheria ya Kenya inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kama ni ya Fadhili, bado mpaka 2051. Mimi sitakuwepo, wewe jirani unavyokula mafuta hutakuwepo.

Sasa sikia hii. Wamekuja kinyozi changu watu wa leseni za muziki. Vitambulisho shingoni, kitabu cha risiti. Redio ilikuwa inacheza. Inacheza nini? Malaika. Wakasema unapiga muziki kwenye biashara, lazima ulipie. Nikawaambia huyu anayeimba ni wa kwetu, mama mkwe wangu anaijua familia. Hawakutikisika. Nikauliza, kwa upole kabisa, hizi pesa zinawafikia wenye nyimbo? Wakanionyesha mahali pa kusaini. Mimi nikiona mahali pa kusaini huwa nasaini. Sasa Mtaita analipia wimbo wa Mtaita, Voi, na mteja mwenyewe alikuwa mmoja na alikuwa ananyolewa kwa deni.

Kabla ya hapo mimi mwenyewe niliwahi kuuimba. Binamu ya mama watoto anafanya kazi kwenye loji moja huko hifadhini. Bendi yao inaimbia watalii wakila. Mtu wa kayamba akaugua, nikaitwa, kwa sababu kayamba kila mtu anadhani ni rahisi. Tukaanza na Jambo Bwana, ile ya Them Mushrooms ya 1982, ya vijana wa hapa Pwani. Tukaja Malaika. Mjerumani mmoja, amebeba supu, akasimama, macho yakamlegea. Akanikaribia. Nikajua hii sasa ni dola. Akanishika bega: "Boney M!" Nikamwambia hapana, Fadhili William, Taita. Akasema ndiyo, ndiyo, Boney M. Halafu akasema na ile ya kwanza pia ni Boney M! Na hapo, jirani, sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kweli hiyo nayo waliichukua, mwaka wa 1983. Hawa Boney M wana nini na Pwani yetu? Noti akampa mpiga gita.

Mimi nilirudi nyumbani na fulana tu, niliyookota kwenye mitumba ya soko la Voi, imeandikwa Hakuna Matata, kifuani kote. Nilikuwa naivaa kazini, wateja wanaipenda. Shemeji akaja na yake. Eti Disney waliomba kulisajili neno hilo kama alama ya biashara ya nguo huko Marekani mwaka wa 1994, wakati wa The Lion King, wakakubaliwa 2003. Mwaka wa 2018 watu wakaandika malalamiko mtandaoni, sahihi maelfu kwa maelfu. Neno likabaki lao kwenye fulana. Shemeji anasema haimaanishi siwezi kulisema, ni kuuza nguo tu. Yeye ana digrii njiani, anaweza kujitetea. Mimi fulana nimeigeuza ndani nje. Na mteja akiniomba radhi kwa kuchelewa, namjibu tu kwamba hamna shida.

Na wale simba wa Tsavo wenyewe, wa kweli, unajua waliko? Patterson aliwafanya mazulia nyumbani kwake. Akaandika kitabu mwaka wa 1907. Akazunguka akihadithia, na hesabu ya walioliwa ikafika 135. Wataalamu walipima mifupa na manyoya ya simba wale mwaka wa 2009, wakakadiria kama 35. Hao wengine mia moja waliliwa na hadithi. Mwaka wa 1924 akawauza kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000, wakajazwa, wakasimamishwa kwenye kioo. Wana upara mpaka leo. Ukitaka kuwaona unakata tiketi.

Basi jirani, wewe una kijana Nairobi anashika kamera. Mwambie hivi. Siku wakitaka kupiga tena simba wa Tsavo, waulize kwanza hapa. Simba tunao, wa upara, wa kwao. Udongo mwekundu upo, daraja lipo, treni inapita. Mimi napatikana kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Bei ni elfu mbili kwa siku, chakula juu yao, rifelekta ishikwe na muuza maziwa. Kusaini nitasaini. Ila safari hii waje na mtu wa kunisomea.